Sadaka Iliyorudi Ufuoni

Wiki aliyopangiwa mama yangu kutolewa mtoto wa jicho, nilikwenda Matrah, soko la Maskati, kutafuta kiumbe wa kumwachia huru.

Ilikuwa desturi yake. Alikuja nayo kutoka Unguja pamoja na mbuzi ya kukunia nazi na msala wa baba yake, na katika vitu vitatu hivyo ndiyo peke yake ambayo haikuchakaa. Mtu akiwa na jambo zito mbele yake hununua kiumbe kilichofungwa, akakifungua kwa mkono wake, kikaenda zake. Ni sadaka. Kikienda, na jambo lako limepata njia. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza, je, kisipokwenda? Aliniangalia kama niliyetukana.

"Kitakosaje kwenda, na mlango u wazi?"

Kwa kawaida tulinunua njiwa. Lakini mimi nilikuwa nimeshamjua muuza njiwa wa Matrah. Njiwa wake ukiwafungulia asubuhi, jioni wamerudi wenyewe tunduni kula mtama. Nilimgundua kwa sababu kila kitu nakihesabu mara mbili, hata vidole vya njiwa, na yule aliyepungukiwa kidole mguu wa kushoto nilimnunua mwezi wa Mfunguo Mosi nikamkuta tena Mfunguo Tatu, bei imepanda. Nikamwambia, "Bwana, huyu ni wangu." Akanijibu bila haya, "Basi mwachie tena, upate thawabu mara mbili." Nikaapa kwamba sadaka yangu safari hii itakuwa ya mnyama asiyejua njia ya kurudi.

Ilikuwa Ijumaa, mwishoni mwa miaka ya tisini, mwezi wa Septemba, siku ambazo joto la Maskati hukupa ruhusa ya kupumua asubuhi peke yake. Operesheni ilikuwa Jumatatu. Mama alikaa ndani ya Corolla yangu, vioo vimeshushwa, shela kichwani, akitazama mbele kama anayeona. Wakati huo alikuwa akiona mwanga na vivuli tu. Sokoni nilikuwa na sifa zangu: nauza kanga na vitambaa katika chumba cha mbele cha nyumba yetu Hamriya, na wenye maduka ya jumla wakiniona naingia huanza kuapa kabla sijauliza bei. Kwa wavuvi ilikuwa vivyo hivyo. Mmoja wao, ambaye nilizoea kununua jodari kwake, aliponiona asubuhi ile hakuapa. Alinijia mbio. Alisema kwa Kiarabu chake cha pwani. Naandika Kiswahili kwa sababu ndivyo maneno yake yalivyokaa kichwani mwangu.

"Ukhti, leo usinunue samaki. Njoo nikuonyeshe kitu ambacho hata babu yangu hakukiona."

"Babu yako alikuwa haoni au hakutoka nyumbani?"

Hakucheka. Nilipaswa kuliweka akilini hilo.

Tulimfuata kwa gari hadi kighuba kidogo nyuma ya majabali, mahali ambapo barabara inakwisha na kokoto zinaanza. Ni ufuo mwembamba, umezibwa na mawe meusi pande tatu, na ukisema neno mawe yanakurudishia. Upande wa kusini kuna jabali lililoinama likafanya paa. Chini ya paa hilo, kivulini, palilala mnyama, shingoni kamba, na kamba imefungwa kwenye jiwe.

Kwanza nilidhani ni mbwa mkubwa aliyeloa. Nikasogea. Nikamhesabu, maana nisipokijua kitu huanza hapo. Masikio mawili, madogo, yamejikunja kama karafuu mbichi. Sharubu ndefu nyeupe. Mikono miwili ambayo haikuwa mikono, myeusi na laini kama mpira wa tairi, na miguu miwili ya namna hiyo hiyo. Uso na kifua rangi ya siagi, mgongo wa kahawia, na utosini kishungi kama cha mtu aliyeamka sasa hivi. Manyoya mazito kabisa, mtu na koti lake la baridi, hapa Maskati. Mbavu zilianza kuonekana chini ya koti hilo. Nikatazama saa yangu nikahesabu pumzi zake: kumi na mbili kwa dakika. Nikarudia. Kumi na mbili.

"Mbwa wa bahari," alisema mvuvi. "Nimemkuta alfajiri. Kamba ya kwanza ni yangu, kwa hiyo mnyama ni wangu. Mtu mmoja wa dawa anataka mafuta yake ya kuchulia viungo. Mwingine anataka ngozi."

Palikuwa na watu watano pale. Nilihesabu tena, watano. Wanne walikuwa wavuvi wenzake. Wa tano alikuwa Mkenya, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa dereva wa nyumba moja ya kitajiri mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, na bibi wa nyumba alimtuma Matrah asubuhi nyingi kununua samaki. Ijumaa ile alikuwa njiani kwenda kanisani Ruwi, kwa kuwa huku ibada yao huwa siku ya mapumziko, Ijumaa, ndiyo maana hakutaka kukaribia maji.

Nilianza na mvuvi. Alitaka riali arubaini. Nikamwambia mnyama huyu ni mgonjwa, na mgonjwa hauzwi, hutolewa bure na mtu akashukuriwa kwa kumchukua. Akasema si mgonjwa, ni mvivu. Tukaendelea hivyo. Nilikuwa nimemshusha mpaka ishirini na naona dalili za kumi na tano, ndipo Mkenya aliponijia pembeni akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chake cha bara:

"Mama, samahani. Huyo msimguse. Muachane naye tu hapo."

"Kwa nini?"

"Amechoka. Mimi nilikuwa nafanya kazi hoteli ya ufuoni huko kwetu, mmoja kama huyu akatokea. Watu wa wanyama walikuja, wakaweka kamba mbali pande zote, hakuna mtu kukaribia. Akalala siku nne. Ya tano akaingia baharini yeye mwenyewe. Hawa wanatoka mbali sana, mama, kusini kule kwa barafu. Anakuja kulala."

Hapa lazima nieleze ninavyofikiri, kwa sababu kosa lilikuwa hapo wala si penginepo. Mimi nimekulia sokoni. Ukiwa umeshika kitu mkononi, umekaribia kuelewana na mwenye duka, akaja mtu asiyekuhusu akakunong'oneza "kiache," mtu huyo anakitaka. Naijua mbinu hiyo kwa sababu ni yangu. Buli la kahawa la shaba lililoko sebuleni kwangu nililipata kwa kumnong'oneza mgeni mmoja kwamba limepasuka kitako. Hata hodi ya mtu wa namna hii naifahamu: "samahani" kwanza, kisha sauti ya chini, kisha hadithi ndefu ya mbali ambayo huwezi kwenda kuithibitisha. Mkenya alikuwa navyo vyote vitatu. Nikamtazama shati lake. Nikajiuliza bibi yake wa Madinat Sultan Qaboos ana bwawa la kuogelea kubwa kiasi gani.

"Ahsante, kaka," nilimwambia. Nikamgeukia mvuvi, nikafunga bei haraka kabla Mkenya hajapandisha: riali kumi na moja na tairi langu la spea. Tairi alilitaka la kukinga ubavu wa mashua yake.

Mkenya alinitazama kidogo, kisha akatazama saa, akaenda kanisani.

Nilimshusha mama garini, nikamshika mkono juu ya kokoto. Sadaka ilikuwa yake, lazima kamba aifungue yeye. Mvuvi alimfunika mnyama turubali kichwani asije akauma, na mama akapapasa mpaka akafika shingoni. Mkono wake ukasimama.

"Manyoya! Mwanangu, samaki gani huyu ana manyoya?"

"Si samaki, mama. Mnyama wa baharini."

"Nguva?"

"Nguva hana manyoya."

"Basi n'ambie ana nini kingine, nisije nkamwachia shetani." Akainamisha kichwa, akasikiliza. Wasioona husikiliza kwa uso mzima. "Mbona nnamsikia anakoroma? Kalala huyu. Mngemwacha kwanza amalize usingizi wake."

Nilipowafasiria wavuvi, walicheka wote. Hata mimi nilicheka. Nikamwambia, "Na yule daktari wa Jumatatu naye tumwambie asubiri?" Mama akafungua fundo. Vidole vyake vilichukua muda mrefu, na muda wote huo mnyama alikoroma chini ya turubali.

Halafu tukamwamsha. Mnyama wa bahari aliyelala nchi kavu, mtu yeyote wa Matrah atakwambia amekwama, mrudishe majini. Samaki hufanyiwa hivyo, kasa hufanyiwa hivyo. Wavuvi wanne walishika pembe nne za turubali, wakamburura kutoka kivulini hadi kwenye mawimbi. Alipigana. Aling'oa kipande cha kandambili ya mmoja wao pamoja na ngozi ya kidole, na sauti aliyoitoa haikuwa ya mbwa wala ya kitu chochote nilichowahi kukisikia; mawe yaliirudisha mara mbili. Maji yalipomfika kiunoni aligeuka akatutazama. Macho makubwa, meusi, ya maji matupu. Kisha akazama.

"Ameenda?" aliuliza mama.

Kichwa kilitokeza mbali, kikageukia ufuo, kikatulia hapo juu ya maji kama kibuyu.

"Ameenda," nilisema.

Jumamosi nilipita sokoni peke yangu kununua uzi. Mvuvi wangu alikuwa ameegemea mashua yake, tairi langu limeshafungwa ubavuni. Hakunisalimu. Alinyanyua kidevu kuelekea majabali.

Mnyama alikuwa amelala mahali pale pale, chini ya jabali lililoinama. Kokoto zilikuwa na alama yake kutoka majini, mfereji mmoja mpana uliokwenda na kusimama, ukaenda na kusimama. Niliyahesabu mapumziko yake: tisa. Nikarudi nyuma nikayahesabu tena kutokea juu. Tisa. Umbali wenyewe ulikuwa kama kutoka mlangoni kwetu mpaka duka la jirani.

Wazo la kwanza lililonijia halikuwa la mnyama. Lilikuwa la njiwa. Nilijiona mjinga niliyeuziwa sadaka inayorudi, na nikamgeukia mvuvi kama ndiye aliyemfundisha.

"Umemwita?"

"Kwa jina gani?" alisema.

Tulimburura tena. Safari hii alifungua mdomo mara moja tu, akaonyesha meno, hakuuma. Alikuwa mwepesi zaidi. Watu watatu walitosha. Tulipomaliza nilifungua pochi, na mvuvi akarudisha mkono nyuma.

"Sitaki kitu leo," alisema.

Nimefanya biashara Matrah miaka mingi. Nimetukanwa, nimeapiwa, nimefukuzwa dukani na kuitwa tena kabla sijafika kona. Sijawahi kukataliwa pesa yangu.

Nyumbani nilipiga simu ofisi inayohusika na mambo ya mazingira. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, aliuliza vizuri: ana masikio au hana, ana jeraha, yuko wapi. Nikamjibu yote. Kisha akauliza, "Na sasa hivi bado yupo?"

Mama alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, anachambua mchele kwa vidole, masikio yamesimama.

"Hayupo," nilisema. "Tumeshamrudisha. Ameenda zake."

"Alhamdulillahi," alisema kijana. "Akirudi tu, tupigieni." Nikasikia kalamu ikiwekwa chini.

"Nani huyo anayeuliza?" alisema mama.

"Mtu wa ofisi. Anataka kujua kama mnyama ameenda."

"Na ameenda?"

"Si umenisikia, mama?"

Akaendelea na mchele. Vidole vyake viliokota jiwe moja, vikaliweka pembeni.

Jumapili sikusubiri kuambiwa. Nilikwenda moja kwa moja majabalini baada ya sala ya alfajiri, mwanga ndiyo kwanza unaingia kati ya mawe. Alikuwepo. Hakufika kivulini safari hii. Alikuwa amelala nusu ya njia, mgongo umechafuka mchanga, na jua lilikuwa linakuja upande ule. Harufu ilikuwa nyingine. Nilichuchumaa mbali kidogo, nikatoa saa, nikahesabu pumzi: ishirini na moja kwa dakika. Nikarudia: ishirini na tisa. Nikarudia mara ya tatu, jambo ambalo silifanyi, na hapo nikapotea katikati kwa sababu alipumua kisha hakupumua, nami nikabaki namsubiri.

Kwangu mimi hesabu mbili hukubaliana. Zisipokubaliana, mtu fulani ananiibia. Niliangalia huku na huku ufuoni kumtafuta.

Gari lilisimama nyuma ya langu. Mkenya alishuka na kikapu cha samaki, safari hii kavaa fulana ya kazi. Alimtazama mnyama, akatazama alama za turubali zilizochora ufuo wote, na uso wake ukafunga.

"Mama, mmemrudisha kwa maji?"

"Mara mbili."

"Mama, nakuomba. Muache hapo. Wekeni kitu cha kivuli, si karibu naye sana, na watu waondoke. Mkimrudisha tena atakufa huko ndani. Hana nguvu ya kuogelea. Si eti haendi. Hawezi."

Hakusema "samahani" wala hakushusha sauti. Hata hadithi ya mbali hakuniletea. Vyote vitatu vilikosekana, na mimi nilivitambua kwamba vimekosekana, na bado mdomo wangu ukasema:

"Na wewe itakufaa nini?"

Alichukua muda kunielewa. Aliponielewa alicheka kidogo, si kwa furaha.

"Mimi? Nimfanyie nini sasa, nimpeleke kanisani?"

Kisha akasema bibi yake anamsubiri, akaondoka. Nami nikabaki na mnyama, na jua, na kesho Jumatatu. Nilijua anasema kweli. Nakiri hapa, maana pale sikukiri kwa mtu. Lakini nilijua pia kwamba mama atalala juu ya kitanda cha hospitali asubuhi, kisu karibu na jicho lake, na kabla ya hapo ataniuliza swali lake, na kwamba kiumbe alichokifungua kwa mkono wake kimelala kwenye kokoto na mlango u wazi. Sadaka iliyorudi mara mbili. Nilitaka iende. Nilitaka iende kwa siku moja tu, basi, mpaka saa sita ya kesho.

Nikaenda nikamwita mvuvi.

Alikuja na mwenzake mmoja. Wawili walitosha. Mnyama hakupigana wala kufungua mdomo. Alituangalia tu jinsi mgeni anavyowaangalia wenyeji wanaoanza kukunja mkeka. Maji yalimbeba. Hakuzama, alielea, akaenda na mkondo upande, polepole, mpaka jabali likamficha.

"Khalas, basi," alisema mvuvi. Alinawa mikono baharini, akainawa tena.

Jioni ile mama aliuliza. Nilimjibu ameenda, na kwa mara ya kwanza lilikuwa jibu ambalo mtu angeweza kulitetea.

Operesheni ilikwenda salama. Nalisema mapema kwa sababu najua msomaji anaogopa, na mimi niliogopa zaidi yake. Daktari alitoka akitabasamu saa nne na nusu, akasema jicho ni zuri, Mungu akipenda kesho ataondolewa bandeji. Mama alikuwa amelala. Nilikaa pembeni yake nikahesabu pumzi zake. Kumi na nne. Kumi na nne.

Kisha nikashuka, nikawasha gari, nikaenda majabalini.

Bahari ilikuwa imemrudisha yenyewe. Alikuwa ukingoni, mawimbi yanamsukuma na kumwacha, na manyoya yale mazito yalikuwa yakifunguka na kujifunga kwenye maji kama yanayopumua kwa niaba yake. Mvuvi alikuwa amesimama mbali. Pembeni yake kulikuwa na mzee wa dukani, yule aliyetaka ngozi.

"Umemnunua, ni wako," alisema mvuvi kwa upole. "Lolote utakalosema."

Mwenye kutaka ngozi alinitajia bei. Ilikuwa bei nzuri. Kichwa changu, bila idhini yangu, kilianza kutafuta ya juu zaidi, na nikakisikia kikitafuta, na nikaona aibu kama niliyevuliwa nguo sokoni. Nikamwambia hauzwi. Akaongeza. Alidhani ndivyo ninavyonadi. Nani angemlaumu? Niliokota jiwe, na nadhani ndilo lililomfahamisha.

Tulimzika juu ya mstari wa maji, chini ya jabali lililoinama, kivulini alikojichagulia. Mvuvi alichimba. Mkenya alikuja tukiwa katikati ya kazi. Alikuwa amepita kuangalia. Hakuuliza kitu, alichukua koleo la pili. Tuliporundika mawe ya juu ili mbwa wasifukue, ulimi wangu ukafanya ulichozoea, ukatafuta wa kumwekea deni.

"Ulijua," nilimwambia. "Kwa nini hukuniambia?"

Aliweka jiwe lake. Alijifuta mikono.

"Nilikuambia, mama. Mara mbili."

Hakusema kwa ukali. Ndani ya gari nilihesabu. Ijumaa, wakati wa bei. Jumapili, na kikapu cha samaki. Nikarudia. Mara mbili.

Miaka ikapita. Mkenya alirudi kwao. Mvuvi aliuza mashua, na tairi langu likaenda nayo. Kwenye miaka ya elfu mbili palifunguliwa duka la intaneti karibu na nyumba yetu Hamriya, na siku moja, wakati kijana wa pale ananipigia chapa orodha ya vitambaa, nilimwomba anitafutie picha ya mnyama wa baharini mwenye masikio na manyoya. Zilitoka nyingi. Nilimtambua kwa kifua cha siagi na kishungi.

Ni sili wa manyoya, wa visiwa vya kusini, kwenye bahari baridi ambako hakuna mtu ila upepo. Zamani meli zilikwenda huko kwa ajili ya makoti hayo. Waliwapiga marungu palepale walipolala, kisiwa baada ya kisiwa, mpaka visiwa vingine vikanyamaza kabisa. Baadaye ikakatazwa. Na namna walivyorudi ni hii: hakuna aliyewarudisha. Waliachwa tu. Wachache waliobaki walilala bila kuamshwa, wakazaa, wakajaa tena. Siku hizi wapo watu wanaokwenda kuwahesabu. Huwatia alama watoto, huwaacha wachanganyike, kisha hurudi na kuhesabu upya wangapi wana alama na wangapi hawana. Huwahesabu mara mbili. Nilimfanya kijana anisomee hapo tena.

Chini kulikuwa na maelezo ya mtu afanye nini akimkuta mmoja ufuoni. Kaa mbali, zuia watu na mbwa, piga simu, usimrudishe majini, amekuja kupumzika. Kila tulichokifanya kilikuwemo, upande wa usifanye. Kamba tu ndiyo haikuandikwa. Labda hawakufikiri mtu atafika huko.

Mama hakujua lolote, ndivyo nilivyoamini. Jicho lake lilimtumikia vizuri, na kila aliposoma msahafu bila miwani alisema ile sadaka ilikubaliwa. Karibu na mwisho wa uhai wake aliniomba nimpeleke akaone kwa macho pale alipomwachia yule mnyama. Nilikwepa mwezi, nikakwepa miwili. Hatimaye nikampeleka, lakini si pale. Nilimpeleka kighuba kingine, mbele zaidi, kizuri, kisicho na rundo la mawe.

Alikaa kwenye kiti cha kukunja, fimbo magotini. Alitazama maji kwa muda. Kisha akafumba macho, na uso ule wa zamani ukarudi, uso mzima unasikiliza.

"Si hapa," alisema.

"Ndipo, mama."

"Pale palikuwa na mwangwi. Mnyama alipiga kelele, mawe yakajibu." Alisubiri. Mawimbi yalikuja na kuondoka bila kujibiwa na kitu. "Kabla ya hapo alikuwa anakoroma."

Nilishika kiti chake kwa nyuma.

"Alikuwa kalala, mwanangu. Si nilikwambia?"

Akafumbua macho, hakuniangalia, akataka nimnyanyue twende nyumbani. Nilikunja kiti. Nilikitia ndani ya buti, nikashika usukani, na gari halikuondoka mara moja, kwa sababu nilikuwa nahesabu. Miaka yote ile nilikuwa na mara mbili za kuambiwa. Nikaanza tena, Ijumaa, wakati wa bei. Ijumaa, mkono wake kwenye fundo, sote tunacheka. Jumapili.

Nikarudia. Zilikuwa tatu.